PANCHA HAIPIGI HODI: TUJIANDAE KABLA YA SAFARI

Ndugu msomaji, siku hizi pikipiki imeingia karibu kila kijiji cha kata zetu za Ruaha, Kidodi, Ruhembe, Vidunda na Mikumi. Inabeba abiria, inabeba mpunga, ndizi, mkaa na mbolea. Usiku inabeba mama mjamzito anayewahi kujifungua. Tangu mwaka 2010, zilipotoka kanuni za leseni za pikipiki za kubeba abiria, kazi ya bodaboda imekuwa kazi inayotambuliwa na sheria. Vijana wengi wanajipatia riziki kwa kazi hiyo.

Lakini pikipiki ina adui mmoja mdogo sana. Adui huyo ni msumari, au mwiba, au upepo kidogo uliopungua bila mwenyewe kujua. Adui huyo huitwa pancha. Wengi wetu husema pancha ni bahati mbaya. Katika makala hii tunataka kuonyesha kwamba sivyo. Pancha ina sababu yake, na sababu hiyo inaweza kutafutwa na kuonekana. Tena mtu aliyejiandaa hakwami njiani kama yule asiyejiandaa.

YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Kwanza tusimulie yetu, ili msomaji asidhani tunafundisha tu kwa mdomo.

Mwezi wa Aprili mwaka 2023 tulipanda Vidunda kutembelea darasa la kisomo. Ilikuwa masika na njia ilikuwa ya utelezi. Wakati wa kurudi, mama mmoja mwanakisomo alituomba tumsaidie usafiri mpaka bondeni. Mtoto wake alikuwa na homa kali tangu usiku. Basi tukampakia, mtoto akiwa mgongoni kwa mama yake, tukaanza kuteremka.

Hatukufika mbali. Nyuma ya pikipiki kukaanza kuyumba kama mkia wa samaki. Tukasimama. Tairi la nyuma lilikuwa limelala kabisa. Kumbe siku mbili kabla yake tairi hilo hilo lilizibwa pancha. Fundi aliziba tundu la tyubu, nasi tukalipa tukaondoka. Hakuna kati yetu aliyetafuta kilichotoboa. Mwiba wa mgunga ulikuwa bado umekaa ndani ya tairi, unatungojea.

Hatukuwa na wasiwasi sana, maana tulikuwa na tyubu mpya ndani ya begi. Tulikuwa tumeinunua miezi mingi iliyopita, tukaiweka bila kuifungua. Tulipoifungua pale mlimani tukaona namba yake ni 18. Tairi letu ni la 17. Tyubu ile ni kubwa kuliko tairi letu. Ukiilazimisha inajikunja ndani, na pale inapojikunja hupasuka.

Yule mama hakungoja. Alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akatuaga, akateremka kwa miguu peke yake kwenda kituo cha afya. Sisi tulibaki tukisukuma pikipiki matopeni. Tulipofika chini jua lilikuwa limezama. Tulimkuta ameketi, mtoto amepimwa na kukutwa na malaria, na amekwisha kupewa dawa. Tunamshukuru Mungu, mtoto alipona. Lakini muuguzi alituambia wazi kwamba kwa homa ile kila saa ilikuwa na thamani.

Mama yule alituuliza swali moja tu: "Mwalimu, si ninyi mliotufundisha kusoma namba? Sasa hiyo ya kwenye tyubu ilikuwaje?"

Hatukuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu letu.

UPEPO NDIO UNAOBEBA MZIGO

Watu wengi hudhani kwamba tairi ndilo linalobeba pikipiki. Sivyo. Tairi ni kama gunia. Kinachobeba uzito ni upepo ulioshindiliwa ndani ya tyubu. Gunia tupu haliwezi kusimama, nalo tairi lisilo na upepo haliwezi kubeba.

Zamani magurudumu yalikuwa ya mti na chuma, au ya mpira mgumu usio na upepo. Mwaka 1845 mtu mmoja wa Uskoti aliyeitwa Robert William Thomson aliandikisha serikalini uvumbuzi wake wa gurudumu lenye upepo, lakini halikuenea. Mwishoni mwa miaka ya 1880 daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop, huko Belfast, alifunga mipira yenye upepo kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Baiskeli ilikwenda kwa wepesi na bila kumtikisa mtoto. Tangu hapo upepo ndani ya mpira ukaenea dunia nzima, na pancha nayo ikaenea pamoja nao!

Basi upepo ukipungua, mambo matatu hutokea. Kwanza, tairi hujikunja kila linapozunguka, na kujikunja huko huleta joto linaloharibu mpira. Pili, ukipiga shimo, ukingo wa rimu huibana tyubu na kuikata. Tatu, tairi huanza kuteleza juu ya rimu, huivuta tyubu, na valvu hung'oka. Valvu iking'oka pale shinani hakuna kiraka cha kuishika. Tyubu imekwisha.

Kwa hiyo pima upepo. Kipimo kidogo cha mkono hukaa mfukoni. Kiwango cha pikipiki yako kimeandikwa kwenye kitabu chake, na mara nyingi pia kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na cheni. Kwa pikipiki nyingi ndogo zinazotumika kwetu, tairi la mbele huwa karibu 25, na la nyuma kati ya 28 na 32 kwa mtu mmoja. Ukibeba abiria, la nyuma huongezwa kidogo kama kitabu kinavyosema. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa la baridi. Ukipima mchana baada ya safari ndefu, joto limekwisha kuutanua upepo, na kipimo kitaonyesha zaidi ya ilivyo. Usipunguze upepo kwa sababu hiyo. Likipoa utajikuta umepungukiwa.

Kubonyeza tairi kwa kidole au kulipiga teke si kupima.

SOMA TAIRI LAKO

Ndugu msomaji, wewe unajua kusoma. Hebu chukua kitambaa chenye maji, futa vumbi ubavuni mwa tairi, kisha usome. Tairi ni kama ukurasa wa kitabu.

Utakuta namba kama 2.75-17 au 3.00-17. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa inchi. Namba ya pili ni kipenyo cha rimu, nacho pia kwa inchi. Ukienda dukani kununua tyubu, iandike namba hiyo kwenye karatasi. Usiseme tu "nipe tyubu ya pikipiki." Fungua boksi pale pale dukani, soma namba ya kwenye tyubu yenyewe, maana boksi linaweza kusema hili na tyubu ikasema lile.

Utakuta pia mshale. Mshale huo unaonyesha upande ambao tairi linatakiwa kuzunguka pikipiki inapokwenda mbele. Ukilirudisha tairi, hakikisha mshale haukugeuka.

Matairi mengi yana namba nne zilizofungiwa ndani ya kiduara kirefu. Hizo ni tarehe ya kutengenezwa. Namba mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 1423, ujue tairi lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2023. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Tairi lenye nyufa ndogo ndogo ubavuni, hata kama meno yake bado marefu, ni tairi la kizee.

Mwisho, tazama herufi TWI pembeni. Fuata mstari wake mpaka katikati ya meno, utaona kivimbe kidogo ndani ya mfereji. Meno yakiisha yakawa sawa na kivimbe hicho, tairi limekuwa kipara. Tairi kipara hutobolewa kwa urahisi, na wakati wa mvua halishiki barabara.

PANCHA HUTOKANA NA NINI?

Tundu la tyubu husema lenyewe limetoka wapi. Litazame vizuri kabla ya kuliziba.

Tundu moja dogo upande wa nje, yaani upande unaotazama barabara, ni la msumari, mwiba, au kipande cha waya. Kwetu miiba ya migunga ni mingi. Barabarani nako matairi ya malori yanayopasuka huacha vipande vya waya mwembamba kama sindano.

Matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama yamekatwa kwa meno, ni ya kubanwa na rimu. Hapo hakuna mwiba wa kutafuta. Sababu ni upepo mdogo, mzigo mkubwa, au shimo lililopigwa kwa mwendo. Dereva anayepakia mishikaki, yaani abiria wawili au watatu kwa mara moja, hukutana sana na matundu ya namba hii.

Tundu la upande wa ndani, unaotazama rimu, ni la ncha ya spoku. Ndani ya rimu hutakiwa kuwa na utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoku. Utepe ukikatika au ukitupwa na fundi, spoku hutoboa polepole. Utaziba leo, utaziba kesho, utaziba na keshokutwa, mpaka utakapoweka utepe.

Na kama tairi linapungua polepole bila tundu kuonekana, tia mate kwenye mdomo wa valvu. Mapovu yakitoka, pini ya ndani ya valvu imelegea au imechakaa. Kuikaza au kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Kifuniko cha valvu nacho si pambo. Kinazuia matope na vumbi. Usikitupe.

MFUKO WA SAFARI

Askari haendi vitani bila silaha. Dereva wa njia zetu naye asiondoke bila mfuko wake. Mfuko huo uwe na vitu hivi:

1. Tyubu moja ya akiba yenye namba sahihi. Kama tairi la mbele na la nyuma hutofautiana kidogo kwa unene, chukua ya nyuma, maana nyuma ndiko kunakobeba mzigo.
2. Pampu ya mkono. Ijaribu nyumbani kwanza. Pampu nyingi za baiskeli mdomo wake hauingii kwenye valvu ya pikipiki.
3. Vyuma bapa viwili au vitatu vya kutolea tairi, visivyo na makali. Bisibisi hutoboa tyubu upya.
4. Spana inayoingia kwenye nati ya ekseli yako, na nyingine ya nati za breki.
5. Viraka, gundi ya sulusheni na kipande cha msasa. Gundi ikishafunguliwa hukauka ndani ya kopo hata kama imefungwa tena, kwa hiyo ikague kila mwezi.
6. Kitambaa, kipande cha chaki, na tochi.
7. Kipimo cha upepo.

Tyubu ya akiba isikae wazi karibu na spana. Mtikisiko wa njia utaisaga mpaka itoboke kabla haijatumika. Ipake unga wa mtoto, ikunje, uifunge ndani ya mfuko wa nailoni au kipande cha tyubu kuukuu.

Madukani iko pia dawa ya maji inayomiminwa ndani ya tyubu ili izibe matundu yenyewe. Inasaidia kwa tundu dogo la msumari. Haisaidii tyubu iliyochanika wala valvu iliyong'oka. Kwa hiyo isikufanye uache mfuko nyumbani.

TAIRI LIKIISHIWA UPEPO UKIWA UNAKWENDA

Hapa ndipo watu wanapoumia. Ukiona pikipiki inayumba nyuma, au usukani umekuwa mzito na unavuta upande, usishtuke ukakanyaga breki kwa nguvu. Shika usukani kwa mikono miwili, imara lakini bila kukakamaa. Achia mafuta polepole, uiache pikipiki ipunguze mwendo yenyewe. Ukilazimika kutumia breki, tumia ile ya gurudumu zima, tena taratibu. Usikate kona. Ikishapungua kabisa, toka nje ya barabara mahali palipo imara na panapoonekana.

Mteremshe abiria kwanza. Mwondoe barabarani. Kisha ndipo utazame tairi.

Usiendelee kuendesha juu ya tairi lililolala. Kilometa moja tu yaweza kugeuza tundu la kiraka kimoja kuwa hasara ya tyubu, tairi na rimu. Kama huna kifaa chochote na ni lazima uondoke mahali pa hatari, wazee wa baiskeli walikuwa na mbinu yao: tairi hushindiliwa majani makavu mpaka lijae, kisha mtu hwenda mwendo wa miguu bila abiria. Hiyo ni njia ya kujiokoa tu, si matengenezo.

KUZIBA SAWASAWA

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali pagumu. Zungusha gurudumu taratibu ukitafuta msumari. Ukiuona, weka alama ya chaki. Pengine huna haja ya kutoa gurudumu zima. Unaweza kufungua upande mmoja wa tairi, ukavuta nje sehemu ile ya tyubu iliyotoboka, ukaziba pale pale.

Usipouona, ni lazima kutoa tyubu. Kwanza weka alama ya chaki kwenye tairi pale penye valvu. Tafadhali usiiruke hatua hii, faida yake tutaiona. Fungua nati ya breki na ya ekseli, chomoa ekseli, shusha cheni, toa gurudumu. Vibushi na washa vilivyotoka vipange juu ya kitambaa kwa mfuatano ule ule vilivyotoka.

Toa upepo wote. Kanyaga ukingo wa tairi mpaka uachane na rimu. Sasa siri moja: katikati ya rimu kuna bonde. Kabla ya kuchokonoa upande huu kwa chuma, usukume ukingo wa upande wa pili uingie ndani ya bonde hilo. Tairi litalegea na kutoka bila kutumia nguvu nyingi. Wengi hutoboa tyubu kwa sababu hawajui siri hii.

Tyubu ikishatoka, ijaze upepo kidogo. Itumbukize kwenye karai la maji ukatazame mapovu. Kama maji hakuna, ipitishe karibu na shavu lako, utasikia upepo ukipuliza. Ukiliona tundu, litie alama. Endelea kutafuta, pengine liko la pili.

Sasa ilaze tyubu juu ya tairi, valvu ikielekea kwenye ile alama ya chaki. Pale tundu lilipo, ndipo mwiba ulipo ndani ya tairi. Hiyo ndiyo faida ya alama. Papasa ndani ya tairi kwa kitambaa, usitumie kidole kitupu. Mwiba utakikamata kitambaa. Uvute kwa koleo, kisha upapase mara ya pili. Sisi hatukufanya hivyo, na matokeo yake tumekwisha kuyasimulia.

Kwangua sehemu ya tundu kwa msasa mpaka weusi wa mpira ufifie na uwe na mkwaruzo. Futa vumbi. Usipashike tena kwa kidole, maana mafuta ya mkono huzuia gundi. Paka gundi nyembamba, eneo lizidi ukubwa wa kiraka. Halafu ngoja. Hapa ndipo wenye haraka wanapoharibu kazi. Gundi hii hushika ikiwa karibu imekauka, si ikiwa majimaji. Subiri dakika kama tano, mpaka ising'ae tena. Bandika kiraka, kibonyeze kuanzia katikati kwenda pembeni, uking'ang'anie kwa nguvu hasa kwenye kingo.

Wakati wa kurudisha, tia tyubu upepo kidogo ili isijikunje. Ingiza valvu kwanza. Malizia kuingiza ukingo wa tairi pale penye valvu, ukitumia mikono na miguu kuliko vyuma. Jaza upepo, ukague kama mstari wa ubavuni mwa tairi umekaa sawa na rimu pande zote. Rudisha gurudumu, kaza cheni kwa alama zilizo sawa kulia na kushoto, kaza nati ya ekseli, rudisha breki. Kabla ya kumpakia abiria, jaribu breki. Wapo waliosahau nati ya breki wakaikumbuka mbele ya lori.

NJIA YA MBUGANI

Wenzetu wanaosafiri kutoka Mikumi kwenda Doma na Morogoro wana jambo moja zaidi la kufikiria. Barabara kuu hukatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa urefu wa kilometa kama 50. Humo tembo, nyati na simba huvuka barabara kama sisi tunavyovuka uwanja wa nyumba. Na malori ya mizigo hupita usiku na mchana.

Kwa hiyo pima upepo na ukague matairi ukiwa bado Mikumi, au ukiwa Doma kama unatoka upande wa pili. Usiingie mbugani na tairi unalolishuku. Usiingie jua linapokaribia kuzama. Pancha ikikukuta humo, usiingie porini kutafuta majani, kivuli wala maji. Kaa ukingoni mwa barabara, mmoja atengeneze na mwingine atazame pande zote. Simamisha gari, omba msaada wa kubebwa na pikipiki yako, au mwombe dereva akufikishie taarifa kwa askari wa hifadhi. Hakuna aibu kuomba msaada. Aibu ni kufa kwa ajili ya tyubu.

TUPIGE HESABU

Baadhi ya vijana husema vifaa ni gharama. Haya, tuhesabu pamoja kwa mfano.

Tuseme dereva hupata pancha 2 kwa juma, na kila kiraka ni shilingi 2,000. Kwa majuma 4 ni pancha 8. Mara 2,000 ni shilingi 16,000.

Lakini si hayo tu. Tuseme kila pancha humkosesha safari 2 za shilingi 2,000. Safari 16 mara 2,000 ni shilingi 32,000. Jumla kwa mwezi ni shilingi 48,000. Kwa miezi 12 ni shilingi 576,000.

Sasa tuseme vifaa vya kuziba, pampu na kipimo vyote ni shilingi 60,000. Madereva 12 wa kijiwe kimoja wakichanga, kila mmoja hutoa shilingi 5,000 tu. Kama kupima upepo kila asubuhi na kung'oa miiba kutapunguza pancha kwa nusu, kila mmoja ataokoa shilingi 288,000 kwa mwaka. Badili namba hizi uweke za kijiwe chenu, upige hesabu mwenyewe.

Tunashauri pia kila dereva awe na daftari dogo. Aandike tarehe, tairi gani, tundu la namba gani, na mahali. Baada ya miezi mitatu daftari litamwonyesha. Kama pancha zote ni za kubanwa, tatizo ni upepo na mzigo. Kama zote ni za ndani, ni utepe wa rimu. Kama zote ziko kwenye kipande kimoja cha njia, twendeni tukaokote misumari hiyo.

Ndugu msomaji, wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Abiria anayepanda nyuma yako hajui hali ya tairi lako. Amekuamini. Huenda ana homa, huenda ana mtoto mgongoni. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha pikipiki, inama, futa vumbi, soma namba, pima upepo. Sisi tumeshaanza. Tyubu iliyo kwenye begi letu sasa ni ya 17, na tumeisoma mara mbili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Tairi lako la nyuma ni namba ngapi? Limetengenezwa wiki ya ngapi, mwaka gani?
2. Kwa nini upepo hupimwa asubuhi na si baada ya safari ndefu?
3. Matundu mawili yaliyokaa sambamba kwenye tyubu yanaonyesha nini?
4. Katika kijiji chenu, ni sehemu gani za njia zinazoleta pancha nyingi? Mnaweza kufanya nini kwa pamoja?
5. Kijiwe chenu kina madereva wangapi? Kila mmoja achange kiasi gani ili mpate vifaa vya pamoja, na nani atavitunza?